Kebo Namba Tisa

Jumatano ile Sadallah alitoka nyumbani saa nane na robo mchana, begani kabeba ngazi ya alumini, mkononi begi la zana. Alisimama kidogo mlangoni, akamwambia mkewe Zuwena asizime kitu chochote mezani, kisha akakata kona ya duka la mkaa na kutokomea. Saa kumi na dakika nne alipiga simu. Alisema amekwisha kujua, na kwamba anakata sasa hivi, akirudi atamweleza. Zuwena alikuwa anachambua mchele. Alijibu haya, wala hakumuuliza yuko wapi.

Saa kumi na moja na nusu Genoveva, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alirudi kutoka sokoni na vitambaa vyake, akamkuta Sadallah amelala chali kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba yake. Ngazi ilikuwa chini pembeni mwake. Genoveva alivua khanga yake ya juu akamfunika, ndipo akaita watu. Walimkimbiza hospitali kwa bajaji, lakini alikuwa ameshakata roho.

Polisi walikuja wakapima, wakaandika. Ngazi ilikuwa na mguu mmoja uliopinda, fundi alikuwa peke yake, ameanguka. Faili likafungwa kabla ya siku saba.

Watu wa Bagara, kata yao pale mjini Babati, hawakufunga lao. Genoveva hakuwa mteja wa Sadallah. Nyumba yake haikuwa na intaneti, hakuwa na mume, na khanga iliyomfunika marehemu ilikuwa yake. Kila aliyekuja kutoa pole alikaa mkekani na swali moja usoni. Siku ya tatu mama mkwe wa Zuwena aliliuliza kwa sauti, tena mbele ya wanawake waliokuwa wanamenya vitunguu: mwanawe alifuata nini kwenye ukuta wa mwanamke yule?  Zuwena aliinama akaendelea na kitunguu chake.

Baada ya siku arobaini na kitu, wafiwa huwa wamerudi makwao. Kwa Zuwena walirudi mapema zaidi. Mama mkwe aliondoka wiki ya pili bila kumwangalia. Shadya, binti yao, alirudishwa bweni kwa sababu ya mitihani. Zuwena akabaki peke yake ndani ya nyumba ya vyumba vinne, amevaa nyeupe, hana manukato, haendi sokoni, haendi harusini, hatoki nje ya uzio mpaka eda yake ya miezi minne na siku kumi iishe. Aliyekuwa anakuja kila siku ni Twalha tu, msaidizi wa Sadallah kwa miaka minne. Kila alasiri alileta mkate na maziwa, akaviweka barazani, akaongea na Zuwena kupitia pazia la mlango.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, Twalha. Mungu akulipe."

Kisha aliingia chumba cha mbele, alichokuwa anafanyia kazi Sadallah, akakagua mtandao usije ukakatika, huku Zuwena amejitenga ndani. Alikuwa na sauti ya upole, na alifunga geti taratibu alipotoka.

Mtandao wenyewe ulikuwa hivi. Sadallah alikuwa amenunua intaneti moja kubwa, akaileta nyumbani, kisha akaigawa kwa majirani kwa kebo ndefu zilizopita juu ya nguzo za mbao. Kebo zote zilianzia kwenye swichi, kisanduku cha matundu kumi na sita ukutani, na kila moja ilikuwa na namba yake kwenye karatasi. Kupima kasi alitumia kompyuta ndogondogo za bodi moja, kila moja na upana wa kiganja. Moja ilikaa nyumbani, akaiita Mama Kuku. Nne aliziita vifaranga. Kifaranga kilichomekwa mwisho wa kebo, hata iwe nyumba ya mbali kiasi gani, na kila dakika kilimwita mama yake nyumbani. Mama Kuku aliandika saa na kasi. Kebo nzima yenye nyaya zote nane ilitoa megabiti mia tisa na arobaini. Ikitoa tisini na nne tu, Sadallah alisema, ujue nyaya nne zimekufa.

Zuwena aliyajua hayo kwa sababu kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa upande huu. Sadallah alikuwa juu ya paa la mtu anauliza kwa simu, "Ngapi?" naye anasoma kwenye kioo na kujibu. Wiki tatu za mwisho walikuwa wamepima kila siku, maana ifikapo jioni kasi ya nyumba zote ilishuka. Sadallah alisema kuna mtu anachota mahali.

Mama Kuku alizimwa saa mbili usiku siku ya msiba, ili watu wapate pa kuchajia simu. Hakuna aliyekumbuka kumwasha.

Zuwena alimwasha siku ya thelathini na tisa, Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri. Hakuwa anatafuta kitu. Alitaka tu kukiona chumba kikiwa na mwanga wa kioo kile. Akamhamishia chumbani kwake kwa kebo ndefu, ili Twalha akija asimwone amekaa kule mbele, akaketi kitandani.

Kwenye kioo ulikuwepo mstari mmoja unaotembea. Kifaranga cha tatu kilikuwa kinaita. Kasi: tisini na nne.

Alikwenda kufungua kabati. Vifaranga vilikuwa vitatu. Cha tatu hakikuwemo, na hakikuwemo pia kwenye begi la zana ambalo polisi walirudisha. Kwa hiyo kilikuwa nje, mwisho wa kebo fulani, na kilikuwa kimekaa huko siku thelathini na tisa kinamwita mama aliyezimwa.

Alirudi nyuma kwenye kumbukumbu mpaka Jumatano ile. Mashine iliandika saa kwa namna yake, kumi na tano, kumi na sita, naye akatoa sita kila mahali. Kifaranga cha tatu kilianza kuita saa tisa na dakika arobaini na nane. Kikaita kila dakika mpaka saa kumi na dakika sita. Hapo kimya. Saa kumi na dakika kumi na tisa kikaanza tena, kasi ile ile ya tisini na nne, kikaendelea mpaka Mama Kuku alipozimwa usiku.

Zuwena alizisoma namba hizo mara nyingi, ila wakati ule hakuona ndani yake ila jambo moja: kifaranga kiko wapi?

Mwanamke mwingine angetoka kukitafuta. Yeye hakuweza kuvuka geti. Basi alikwenda chumba cha mbele, akaanza kuchomoa kebo moja baada ya nyingine kwenye swichi, kila moja anaiacha dakika mbili, anakimbilia chumbani kutazama kama kifaranga kimenyamaza.

Alipochomoa namba moja, simu ililia. Mwalimu Teodori alitaka kujua kama intaneti imekata kwake tu. Namba mbili, mama mmoja alilalamika kwamba tamthilia imeganda msichana akiwa ndiyo kwanza anafungua barua. Namba tano, kijana wa saluni alisema, "Mama Shadya, tuonee huruma, kuna bibi harusi hapa." Kwa mara ya kwanza tangu msiba Zuwena alijikuta anacheka, kisha akashtuka kuisikia sauti yake ndani ya nyumba tupu.

Saa kumi na dakika ishirini alichomoa namba tisa. Kifaranga kilinyamaza.

Alisubiri simu. Haikulia. Kwenye karatasi namba tisa ilikuwa imekatwa mstari. Ilikuwa kebo ya mteja aliyehama mwaka juzi, na Twalha aliwahi kumwambia wazi kabisa: "Hiyo ya tisa imekufa, shemeji. Usihangaike nayo."

Aliiacha inaning'inia akarudi chumbani. Saa kumi na dakika ishirini na tisa pikipiki ilisimama kwa kishindo nje ya geti. Alikuwa Twalha, anahema. Alisema alikuwa anapita tu, akaona aje aangalie kama umeme upo. Zuwena akajibu kutoka ndani kwamba upo. Akamsikia akiingia chumba cha mbele, akikaa muda mfupi, akitoka.

"Kuna waya ulikuwa umelegea, nimeurudisha."

"Ahsante."

Pikipiki ikaondoka. Kwenye kioo, saa kumi na dakika thelathini na moja, kifaranga cha tatu kikaanza kuita tena. Zuwena alikwenda kutazama swichi. Kebo namba tisa, ile iliyokufa, ilikuwa imechomekwa vizuri kwenye tundu lake.

Alikaa kwenye kiti cha Sadallah mpaka miguu ikafa ganzi. Mkate wa jana ulikuwa juu ya meza, umefunikwa na kawa. Hakuweza kuugusa.

Hakupenda kulipokea aliloliona. Twalha ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea Sadallah. Huenda alikuwa ameficha jambo dogo, alijiambia, jambo la kazi. Kwa hiyo kabla ya kumtaja mtu alichukua kipima kebo kwenye begi la zana, kile cha kushika mkononi, akakichomeka kwenye namba tisa. Kipima kilitoa urefu mara mbili. Nyaya nne ziliishia mita arobaini na moja. Nyaya nne nyingine zilifika mita themanini na saba.

Jumatatu saa tatu asubuhi alimpigia Koplo Tabitha wa kituo cha polisi, yule aliyeandika maelezo yake siku ya msiba. Tabitha alikuja bila sare, kajifunga kitenge, mwanamke wa makamo asiyependa kuzungushwa. Alisikiliza, akatazama namba, akasema faili limefungwa na mkuu wake hatalifungua kwa sababu ya kompyuta ya ukubwa wa sabuni.

"Dada, mimi nataka kitu kimoja tu," Zuwena alimwambia. "Nataka kujua mume wangu alifuata nini pale. Kama alimfuata Genoveva, niambie. Nitakaa nalo. Lakini nijue."

Tabitha aliinuka, akaomba kamba.

Walipima kamba uani, mita arobaini na moja, wakatia fundo, wakaendelea mpaka themanini na saba, wakatia fundo la pili. Tabitha alitoka nayo akiifuata kebo kutoka nguzo hadi nguzo, simu sikioni, huku Zuwena amekaa kitandani anasikiliza hatua zake. Watoto walimfuata wakimuuliza kama anapima viwanja.

"Fundo la kwanza," Tabitha alisema. "Niko kwenye nguzo ya pembeni mwa uchochoro wa Genoveva. Hapa juu kuna kiungo. Kebo yenu imeishia hapa, imeunganishwa na nyingine nyeusi. Imefungwa kwa plasta."

Zuwena aliibana simu sikioni.

"Mama Shadya, upo?"

"Nipo. Nguzo imegusa ukuta wake?"

"Kabisa. Ukitaka kupanda hapa ni lazima usimamishe ngazi uchochoroni."

Zuwena aliweka simu kifuani. Jibu la mama mkwe lilikuwa pale, juu ya nguzo, limefungwa kwa plasta. Sadallah alifuata kebo. Zuwena alilia kidogo, kisha akainua simu tena, maana sasa lilikuwa limezaliwa swali kubwa zaidi.

Aliomba Tabitha aazime ngazi, afungue plasta na kuhesabu nyaya. Zilizosokotwa pamoja zilikuwa nne. Nne nyingine zimekatwa na kuachwa.

"Sadallah haungi hivyo," alisema Zuwena. "Ni mtu wa Benson huyo."

Benson alikuwa na duka la intaneti karibu na stendi, na kila mtu Babati alijua kwamba waya wake mmoja unalisha nyumba mbili, nne huku nne kule. Yeye na Sadallah hawakusalimiana. Alasiri ile ile Tabitha alimleta mpaka barazani kwa Zuwena, kwa sababu Benson mwenyewe alisema hajawahi kutoa pole na angependa kuitoa. Alikuwa mnene, kavaa suti, anajifuta jasho. Zuwena alikaa nyuma ya pazia.

Tabitha alimuuliza alikuwa wapi Jumatano ile saa kumi. Benson alisema alikuwa Arusha kwenye kikao cha shule ya mwanawe, na akatoa simu kuonyesha picha amesimama na mwalimu mkuu, saa ikionekana ukutani. Tabitha akamwonyesha picha ya kile kiungo. Benson akakitazama kama mtu anayetazama mwandiko wake mwenyewe.

"Hiki ni cha dukani kwangu, sikatai. Lakini mimi nimefundisha vijana sita namna hii ya kuunga. Watano wako Arusha na Dodoma." Akakunja leso yake. "Wa sita, mama, ndiye anayekuletea mkate."

Pazia halikutikisika. Tabitha alishukuru, akamsindikiza getini.

Fundo la pili lilifika kwenye paa la ukumbi wa Jesse, kibanda umiza chenye skrini mbili na mabenchi ya mbao, ambako watu wa Bagara hutazama mpira. Jumanne saa nne asubuhi Tabitha aliingia huko, simu ikiwa wazi mfukoni. Juu ya dari, kando ya kisanduku cha intaneti cha Jesse, alikikuta kifaranga cha tatu, kimefunikwa na vumbi, taa yake ya kijani inapepesa.

Jesse hakubanwa sana. Alisema Sadallah alifika pale Jumatano ile kabla ya saa kumi, akaomba kupanda darini, akashuka, akauliza ni nani aliyemvutia laini hii.

"Nikamwambia, si kijana wako, Twalha? Tangu mwezi wa tano. Mimi nilijua ni yenu."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Akaomba maji, akanywa, akaenda."

"Na ulipopata habari kafa, kwa nini hukuja kusema?"

Zuwena kule kitandani alisikia kuku wa mtu wakilia kwenye simu.

"Nilisikia kaanguka kwa yule mama, afande. Nikaona ni mambo ya mtu na nyumba yake. Halafu nikaogopa kukatiwa laini. Ligi ndiyo ilikuwa inaanza."

Tabitha alirudi kwa Zuwena mchana. Twalha alikuwa ameandikisha polisi kwamba siku ile alikuwa Magugu akifunga dishi. Tabitha alikwisha kumpigia mwenye dishi: fundi alimaliza saa saba mchana, akapanda basi la kurudi. Hata hivyo, alisema, kuiba laini si kuua, na kudanganya mahali ulipokuwa si kuua. Mtu anaweza kukata waya wake, akateleza, akafa peke yake. Mkuu atauliza hivyo.

Ndipo Zuwena alipomgeuzia kioo.

"Alinipigia saa kumi na dakika nne, akasema anakata. Dakika ya sita kifaranga kimenyamaza. Basi amekata. Dakika ya kumi na tisa kimerudi. Nani ameunga?"

Tabitha aliinama kusoma.

"Sadallah hakukata ili aunge tena," Zuwena akaendelea, taratibu, kama anayesomea mtu kasi. "Na angeunga, angeunga nane. Kebo hii imeungwa nne, na kiungo kiko juu ya nguzo. Lazima mtu apande ngazi. Na ngazi ile haisimami bila kushikwa au kuegemezwa sawasawa. Mtu huyo alipanda, akaunga, akashuka, akailaza ngazi chini. Mume wangu alikuwa wapi hizo dakika kumi na tatu?"

 Koplo alifungua mkoba wake, akatoa karatasi ya daktari, na akasoma kwa sauti ndogo mstari ambao siku ya msiba hakuona sababu ya kumsomea mjane. Marehemu hakufa papo hapo. Huenda alikaa nusu saa, au zaidi.

 Nje mtu alipita anauza dagaa.

Twalha alikuja saa kumi na robo, kama kawaida. Aliweka mkate na maziwa barazani, akasalimia. Zuwena alikuwa ameketi kwenye mkeka upande wake wa pazia, na Tabitha ameketi kando yake, ameegemea ukuta.

"Twalha, kaa kidogo," Zuwena alisema. "Nina swali la ngazi."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Zuwena alikiona kivuli chake kwenye kitambaa.

"Ngazi ile yenye mguu uliopinda, Sadallah alikuwa anaipandaje akiwa peke yake?"

"Hapandi, shemeji. Mimi ndiye nilikuwa namshikia."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilikuwa Magugu. Ningekuwepo asingeanguka."

"Mwenye dishi anasema uliondoka saa saba."

Kivuli hakikusogea. Zuwena hakupaza sauti. Alimweleza moja baada ya nyingine: kebo namba tisa aliyoiita imekufa, na Jumamosi akaja mbio kuirudisha mechi ilipokatika kwa Jesse, mita arobaini na moja na mita themanini na saba, nyaya nne, kifaranga juu ya dari, dakika ya sita na dakika ya kumi na tisa. Alipofika hapo akanyamaza. Alimpa nafasi aseme ni uongo. Alitamani kidogo aseme.

"Mama Kuku si alizimwa," Twalha alisema hatimaye.

"Alizimwa saa mbili usiku."

Twalha akainama mpaka kivuli kikawa kifupi.

"Sikumsukuma," alisema. "Wallahi, shemeji, sikumsukuma. Nilipita nikamkuta anatafuta mtu wa kumshikia. Akaniambia shika. Nikashika, sikujua anajua. Akapanda, akakupigia, akakata. Halafu akiwa kule kule juu akaniambia, nikishuka hapa uende zako, usirudi. Miaka minne, shemeji. Nina miaka thelathini na moja, wateja wananiita kijana wa Sadallah. Nilitaka mmoja tu awe wangu. Jesse alikuwa wangu. Alikuwa ananiita fundi."

"Ukafanyaje?"

"Nikaachia. Nikageuka niende. Nikasikia."

Tabitha alikuwa anaandika.

"Alikuwa anaongea," Twalha alisema. "Alikuwa amekaa, ameegemea ukuta. Aliniambia nipige simu, yake imepasuka, nikuite wewe. Nikamwambia sawa, ngoja. Nikaona afadhali niunge kwanza. Jesse alikuwa na mechi saa moja, na Sadallah niliona atapata nguvu, amejigonga tu. Niliunga haraka. Niliposhuka alikuwa amelala, namwita haitiki. Nikaogopa."

"Dakika kumi na tatu," Zuwena alisema.

"Sikuhesabu."

"Alisema niitwe kwa nini?"

Twalha alijifuta uso kwa kiganja.

"Alisema, muite Zuwena anisomee kama imekata."

Zuwena alishika ukingo wa mkeka. Ndani ya kichwa chake alimsikia Sadallah akiuliza ngapi, kama alivyouliza maelfu ya mara kutoka mapaa ya watu, na hakukuwa na mtu upande huu wa kumjibu. Aliuachilia ukingo. Akamwambia Twalha kwamba kwa siku arobaini na mbili mtaa mzima ulimla nyama Genoveva, na yeye aliketi kwenye kiti hicho hicho akisikia, akaacha iwe hivyo.

"Hilo," alisema, "hukulifanya kwa kuogopa."

Tabitha alisimama, akasogeza pazia upande mmoja, akatoka barazani. Twalha alimwona, akanyoosha mikono yake mwenyewe. Aliuliza kama anaweza kuiingiza pikipiki uani isije ikaibiwa. Tabitha akamruhusu, na akasimama pale getini akimsubiri aifunge.

Jioni Zuwena alimpigia mama mkwe, akamweleza mwanawe alikuwa anafuata nini. Mama mkwe akasema atakuja Ijumaa, akakata. Halafu akampigia Genoveva. Genoveva alifika na mashaka, kasimama barazani na viatu mkononi, kama mtu aliyeitwa kusomewa shauri.

"Ingia ndani," Zuwena alimwambia. "Sikuwahi kukushukuru kwa khanga."

Genoveva akaingia, akakaa, akaanza kulia kabla hajaambiwa kitu.

Twalha yuko mahabusu akisubiri tarehe ya kesi. Mtandao wa Bagara sasa unahudumiwa na fundi kutoka Magugu. Anakuja kila Jumanne kwa basi la asubuhi.